Reza ya Mangiri, Wembe ya Duka

Kwanza tuelewane, uso: hakuna mtu amekulazimisha unyoe. Ka ndevu zako zimeshikana fiti kutoka sikio hadi sikio, na mdosi hana shida na hiyo story, wachana nazo zimee. Hii ni ya wale wengine. Kuna ule msee wa hoteli lazima aingie wera na kidevu safi kila asubuhi. Kuna chali ndevu zake zinamea visiwa visiwa, tatu huku, nne kule, na hazitawahi patana. Alafu kuna yule mwenye shingo imejaa vipele, zile ngumu nyeusi chini ya taya, anafunga shati hadi kifungo ya juu akiombea kola isiguse hapo. Wewe wa mwisho ndo nakubongesha zaidi, juu najua ushajaribu kila kitu: spirit ya kinyozi, ndimu, dawa ya meno, na ile mafuta ya manzi yako hajui nani alimaliza.

Vile mambo iko ni hivi. Nywele zetu zimejikunja, na si kwa juu tu. Hata kile kishimo nywele inamea ndani yake, huko chini ya ngozi, kimepinda. Ukiikata inabaki na ncha kali imechongwa mshazari. Ikianza kumea tena inafuata tu kona yake ya kawaida, inazunguka, inarudi, inadunga ngozi. Mwili unaona kuna mgeni ameingia bila hodi, unaanza kupigana naye, kipele inafura. Madaktari wa ngozi wanaiita pseudofolliculitis barbae, na wanajua vizuri inashika watu weusi kuliko wengine. Jeshi ya Marekani imevutana na hii kitu miaka na miaka, juu sheria yao ya kidevu safi iliangukia ngozi nyeusi vibaya. Wanajeshi walikuwa wanatafuta karatasi ya daktari ndo waachiwe kandevu kafupi bila kufokewa.

Sasa nywele iko na njia mbili za kukudunga. Ya kwanza ndo hiyo: inatoka nje, inapinda, inarudi. Ya pili inadunga ikiwa bado ndani, haijawahi hata kuona jua. Na hii ya pili ndo zile reza za plastiki za wembe tatu, nne, tano zinaipenda. Wembe ya mbele inashika nywele na kuivuta nje kidogo, ile ya nyuma inaikata kabla haijarudi, alafu kisiki kinaingia chini ya ngozi. Msee wa nywele zimenyooka anafurahia hapo, shavu yake iko laini hadi jioni. Kisiki chako wewe kimepinda, na kikianza kumea kutoka chini hakitafuti mlango, kinatoboa ukuta.

Gillette walileta Trac II ya wembe mbili 1971. Mach3 ikakuja 1998. Fusion ya wembe tano ikafuata 2006. Kwa huo msururu wote sidhani kuna siku mtu aliinua mkono kwa mkutano akauliza shingo ya chali wa Kayole itakuwaje. Na kila wembe ikiongezwa, bei inaongezwa. Pakiti ya hizo vichwa kwa supa haikosi kumeza thao na chenji, na zimefungiwa kwa kabati ya glasi na kufuli, mpaka uite mtu akufungulie.

Ndo maana kuna masee wanarudi kwa reza ya chuma, ile labda guka alikuwa nayo kwa kikopo juu ya sinki. Unazungusha mpini, kichwa inafunguka, unalaza wembe moja ya pande mbili, unafunga. Hiyo wembe unaijua. Ni Nacet tu, ile ya duka, ile ulichongea penseli ukiwa class three na mathee akatolea nyuzi za sweta yako. Inanunuliwa na coins. Na bado kuna watu wanatoa dola mia, mia mbili, wengine hadi mia tano, kununua kitu ya kuishikilia.

Kwani hiyo mangiri yote inaenda wapi? Swali poa, na hapo ndo wengi huachwa. Wembe ya pande mbili ni bati nyembamba sana, milimita 0.1. Peke yake inapinda kwa vidole. Kazi ya reza ni kuibana isicheze, kuamua ncha itatoka nje kiasi gani, na kuipeleka kwa ngozi na pembe ya kueleweka. Vitu tatu, basi. Reza ya bei ya chini kichwa yake imemiminwa kwa kalibu, na ikitoka imepinda hata kidogo, upande moja wa wembe unachungulia kushinda ule mwingine. Unanyoa shavu ya kulia fiti, ukigeuza upande unachanika. Na wembe ikiachwa legevu karibu na ncha, ikikutana na nywele ngumu inatetemeka ka bati ya kiosk kwa upepo. Hiyo kutetemeka ndo inakuachia moto kwa shingo. Reza ya pesa imechongwa na mashine ya kompyuta kutoka kwa chuma kamili, pande zote zinatoka sawa, na wembe imebanwa hadi karibu na ncha. Unalipia usahihi. Ukali unaununua kwa shopu ya mtaa kila wiki, na ni uleule wa kila mtu.

Kuna kicheko kidogo kwa hii historia. Jamaa alianzisha hii kitu yote alikuwa anaitwa King Camp Gillette, mtu wa Wisconsin, alizaliwa 1855. Alikuwa anauzia kampuni ya vifuniko vya chupa, zile za soda unafungua na meno. Mdosi wake William Painter, mwenye aliunda hicho kifuniko, alimwambia atafute kitu mtu anatumia, anatupa, anarudi kununua. Mwaka wa 1895, akiwa na wembe yake butu mbele ya kioo, Gillette akapata wazo: badala ya kunoa, tupa. Wataalamu wa chuma walimwambia haiwezekani, chuma nyembamba hivyo haishiki makali. Ikabidi injinia William Nickerson, msomi wa MIT, ashughulike hadi ikashika. Mwaka wa kwanza wa kuuza, 1903, waliuza reza 51 na wembe 168 pekee. Patenti ikatoka Novemba 1904, na kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi ya Marekani ilikuwa imegawia wanajeshi reza kama milioni 3.5. Wakarudi nyumbani wakijua kujinyoa, na kinyozi wa kila asubuhi akaanza kukosa kazi.

Huyo Gillette pia aliandika kitabu 1894 akitaka karibu Marekani yote ihamie mji moja mkubwa unaendeshwa na nguvu ya maporomoko ya Niagara, biashara za kushindana zifutwe kabisa. Alafu akaenda akajenga moja ya biashara kubwa za kushindana duniani. Binadamu, bana.

Ya karibu yetu zaidi ni ya Tristan Walker. Chali wa Queens, New York, mweusi, ngozi yake ilikuwa inasumbuka na kunyoa tangu ujanani. Mwaka wa 2013 akaanzisha kampuni, ikatoa Bevel: reza ya chuma ya wembe moja, na sabuni, na brashi, imetengenezwa ikifikiria nywele za kujikunja. Rapa Nas akaweka doo yake hapo. Msee ukiskia Nas ameingia biashara ya kunyoa unajua si mchezo wa wazee. Desemba 2018, Procter & Gamble wakanunua hiyo kampuni. Na ni nani mwenye Gillette tangu 2005? Procter & Gamble. Kwa hivyo wenye walikuuzia wembe tano ndo wakaja kukuuzia moja, kwa bei ya heshima. Sina chuki, lakini nimecheka.

Haya, kuchagua. Anza na chuma yenyewe. Reza nyingi za katikati ni zamaki, mchanganyiko wa zinki na alumini na vitu zingine kidogo, ikapakwa kromu juu. Inang'aa, iko na uzito poa. Shida inaanza kromu ikipasuka. Maji inaingia, zinki inaoza polepole, na siku moja skrubu ya ndani inakatika kwa mkono juu umefunga na hasira. Ukiiangusha kwa tails za bafu pia, kwaheri. Brasi ni imara zaidi. Stenlesi, hasa ile gredi ya 316L inatumika kwa vifaa vya majini, ndo ya kurithisha mtoto. Titani ni ya kuringa. Ni nyepesi, haishiki kutu, na kwa ngozi haikupi kitu stenlesi imeshindwa kukupa. Alumini ni nyepesi pia, bei iko chini kidogo.

Alafu sasa, upole. Hii neno ndo utasimamia ukinunua. Wenye hii mambo wanapanga reza kutoka kwa pole hadi kwa kali, kulingana na vile wembe imechungulia na nafasi iko kati yake na ukingo wa chini. Chali wa kwanza kununua anataka ile kali, anafikiria kali ni ya wanaume. Cheki Mühle R41, ya Wajerumani wa Stützengrün, ukingo wake uko na meno wazi. Ni chuma safi kabisa, na ukiipeleka kwa shingo yenye vipele utatoka hapo ukifanana na mtu alipigana na paka. Kampuni hiyohiyo iko na R89, ukingo umefungwa, pole, inasamehe mkono wa msee anajifunza. Merkur 34C, ya Solingen, mji Wajerumani wametengenezea visu tangu enzi za kale, iko kwa ligi hiyohiyo: mpini mfupi mnene, gramu kama 77, na ni ya vipande viwili tu kwa hivyo hata asubuhi macho yakiwa nusu utaifunga. Hizo ndo za chini kwa hii meza, na nikiwa mkweli, wasee wengi hawahitaji kupanda zaidi ya hapo.

Lakini ulitaka ya pesa. Feather AS-D2 ya Ujapani, stenlesi, ndo upole umefika mwisho. Unaweza dhani haijakata hadi uguse shavu. Inapita dola mia bila kujaribu. Ujanja wake ni vile imebana wembe: haina mahali ya kutetemekea, kwa hivyo unaweza weka wembe kali sana ndani na bado shingo ikatulia. Henson AL13 ya Kanada, imetoka kwa mafundi walikuwa wanachonga vipuri vya vyombo vya anga, imeacha wembe ichungulie milimita 0.033 peke yake. Hiyo ni chini ya upana wa nywele ya ndevu. Pembe pia wamekuchagulia, ukilaza kichwa kwa ngozi iko sawa, huna haja ya kuotea. Kwa mtu hana subira ya kujifunza, hiyo ndo ningemwambia achukue afunge mjadala, na ka anataka kuringa wako na ya titani.

Ka wewe ni wa kujaribu jaribu, kuna Rockwell 6S, nayo pia ya Kanada, stenlesi. Inakuja na mabati matatu ya chini, kila moja ina pande mbili, kwa hivyo unapata gredi sita. Ya kwanza iko na nafasi ya milimita 0.20, ya sita 0.79. Anzia moja, kaa hapo mwezi, panda mbili. Kwa nywele za kujikunja sioni safari ya kwenda sita, lakini ndugu yako wa ndevu nyembamba anaweza. Pia kuna wale wa vitu vya zamani. Gillette walikuwa na reza ya kuzungusha namba, moja hadi tisa, wapenzi wanaiita Fatboy, ilitoka kati ya 1958 na 1961. Ukiipata iko na herufi imegongwa chini ya kichwa: D ni 1958, E 1959, F 1960, G 1961. Ikiwa haijapinda, ichemshe, isugue na mswaki na sabuni ya vyombo, itakunyoa ka ilitoka kiwandani jana.

Kuagiza kutoka nje, piga hesabu yote mapema. Bei ya kwa skrini si bei ya kwa mkono: kuna usafiri, kuna ushuru, na VAT ya 16% juu yake. Ukipata msee anauza hiyo Feather tao kwa thao mbili, wewe jiulize tu kwani yeye aliipata wapi. Na nunua reza kabla ya kununua mambo mengine. Kuna wasee wanaanza na bakuli ya mbao, stendi ya kromu, sabuni ya harufu ya ngozi ya farasi, alafu wanabaki na doo ya reza ya plastiki. Mpangilio umeenda kinyume.

Wembe sasa, hapo ni rahisi, na ndo raha ya hii kitu. Chukua Nacet, chukua Astra ya kijani, Derby ya Uturuki, Feather ya Ujapani ukiiona. Nacet na Astra zote ni za mkono wa Gillette, ukitaka kujua. Derby ni laini kidogo, wengine wataona inavuta. Feather ni kali sana, iweke kwa reza pole pekee. Ngozi ya kila mtu iko na yake, kwa hivyo shika pakiti moja moja, usinunue mia kwa mara moja juu mtu amesema ni noma. Wembe moja inakupea kunyoa mara tatu hadi tano. Ikianza kuvuta, itupe, hata ka ni ya kwanza. Watu wanaumia wakihurumia kitu ya coins ilhali wameshika reza ya ngiri ishirini.

Kunyoa kwenyewe kunaanza kabla ya reza. Nywele kavu ni ngumu kukata, lakini ikilowa maji moto dakika mbili tatu inalainika na wembe haipigani nayo. Kwa hivyo oga kwanza, nyoa baadaye. Na usiniambie mtaa yenu hakuna maji, juu hii ndo sehemu tamu: hii kazi yote inahitaji kikombe kimoja ya maji moto. Hauhitaji bomba inayomwagika kama kwa filamu. Lowesha brashi, izungushe kwa sabuni ya kunyolea hadi povu iwe nzito, ipake kwa mduara ikiinua nywele. Proraso ya Waitalia iko na ya kijani ya mkalitusi na mentholi, inapooza uso. Ya kopo nyeupe ndo ya ngozi inayosumbua. Sabuni ya kuogea wachana nayo, povu yake inakauka kabla hujafika kidevu.

Alafu soma ramani. Kabla hujapaka povu, pitisha kidole kwa shingo ukienda juu, chini, kando. Upande hausikii kukwaruza, huko ndo nywele zinalala. Kwa mashavu kawaida zinashuka. Kwa shingo ni vurugu: upande moja zinapanda, hapo kati zinazunguka, ule mwingine zinaenda kando. Ijue ramani yako hata ka itabidi uichore kwa karatasi. Wembe itafuata nywele, si kinyume.

Shika mpini karibu na mwisho, na vidole, ngumi hapana. Simamisha reza hadi kichwa ilale flati kwa shavu, mpini ukiangalia kando. Hapo haikati. Sasa shusha mpini polepole hadi uskie wembe inaanza kuongea na nywele. Hapo ni kama digrii 30, na hapo ndo unabaki. Buruta kidogo, sentimita mbili tatu, suuza kwa kikombe, rudi. Usisukume. Reza ya plastiki imekuzoesha kubonyeza, mkono utataka kubonyeza hata bila kukuuliza. Uzito wa chuma ndo unafanya kazi, wewe ni dereva tu. Na ngozi usiivute ikaze. Najua mafundi wa zamani wanavuta, lakini ukivuta, ukate, alafu uachilie, kisiki kinaingia chini ya ngozi na tumerudi kwa ile ugonjwa ya wembe tano.

Raundi ya kwanza, fuata nywele. Suuza, paka povu tena, raundi ya pili fuata nywele tena, ama kata kando kwa mashavu ka ngozi yako inaruhusu. Shingo, moja na nusu inatosha. Kisha wacha. Hapa ndo mimi na wazungu wa hii hobi tunaachana njia. Wao sifa ni raundi tatu, nne, ya mwisho kinyume kabisa, hadi kidole kisiskie kitu. Kwao ni fiti, nywele itamea imenyooka. Wewe ukifika hapo umekata chini ya ngozi kwa mikono yako mwenyewe, na reza yako ya dola mia mbili haina makosa. Baki na kivuli. Ukipitisha mkono usikie kitu kidogo, umetosha. Manzi akisema unakwaruza, mwambie anachagua kati ya hiyo na vipele. Na ka shingo sahi iko moto, imefura, ina usaha, hata usianze. Daktari wa ngozi atakuambia uache kunyoa kama mwezi, zile nywele zilizojizika zijitoe zenyewe, ndo reza ikuje baadaye.

Ukimaliza, maji baridi. Chukua shabu, ile jiwe ya rangi ya maji, ilowe, ipitishe kwa uso, ngoja kidogo, suuza. Itakuambia bila huruma mahali ulibonyeza, juu hapo ndo itachoma. Mafuta bila harufu, umetoka. Ile spirit ya kinyozi ya kukufanya uruke kwa kiti inakausha ngozi tu, na ngozi kavu inafungia nywele njia.

Reza yenyewe, legeza kichwa, suuza, kung'uta maji, iache ikauke wazi nje ya bafu. Wembe usiipanguse na taulo, unaharibu ncha na taulo pamoja. Ukisafiri na ndege, reza tupu inaweza kaa kwa begi ya mkono, lakini wembe ziweke kwa begi ya kukabidhi, la sivyo zinabaki na askari wa pale JKIA. Ka kuna manzi kwa keja, miguu na kwapa inanyolewa na hii kitu vizuri tu. Gillette walikuwa na reza ya madem tayari 1915. Lakini kila mtu na wembe yake. Na kwa kinyozi ni hivyohivyo, ka lazima akuchore laini na wembe, beba yako ama ucheki akifungua mpya mbele yako. Damu kidogo tu inatosha kupitisha hepatitisi B, na HIV haijaenda popote.

Imebaki ya kutupa. Nyumba za zamani za Marekani zilikuwa na katundu nyuma ya kabati ya bafu, unasukuma wembe iliyokwisha ndani, inaanguka katikati ya ukuta, story imekwisha. Fundi akibomoa hiyo ukuta leo anakutana na mlima wa kutu. Keja yako ya kupanga haina hiyo, na caretaker hatakuruhusu utoboe. Taka yako inaishia kwa gunia, na gunia inafunguliwa Dandora na mtu anachambua na mikono mitupu. Kwa hivyo tafuta mkebe wa bati wenye kifuniko, wa maziwa ya unga ama wa majani, kata mpasuo mwembamba juu na kisu, uweke kwa dirisha ya bafu. Unachukua miaka kujaa. Siku ikijaa, zungushia tepu mara kadhaa, andika WEMBE na kalamu nene, na umpatie msee wa taka mkononi umwambie ni nini.